Raiffeisen: Meya Aliyewafunza Wakulima Kudhaminiana

Katika vyumba vya walimu kote nchini, fomu ya mkopo inayotafuta wadhamini haichukui muda mrefu kujazwa. Mwenzako huja na kalamu mkononi, akakuonyesha mahali pa kutia sahihi, nawe ukatia, maana kesho zamu itakuwa yako. Ni wachache wanaojiuliza kanuni hii ya kumdhamini mwenzio ndani ya chama ilichipuka wapi, na walioianzisha walikusudia nini. Sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya meya mmoja wa vijijini huko Ujerumani, aliyefariki mwaka 1888. Jina lake ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 huko Hamm, mji mdogo ulio kando ya mto Sieg, katika nyanda za vilima za Westerwald. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Alikuwa wa saba katika watoto tisa. Babake aliwahi kuwa meya wa Hamm, lakini aliugua wakati mwanawe angali mdogo, na mzigo wa malezi ukamwangukia mama. Elimu aliyoipata Raiffeisen ilikuwa ile ya shule ya msingi, ikaongezwa na masomo ya mchungaji wa kanisa la pale kwao, ambaye pia alikuwa baba yake wa ubatizo. Chuo kikuu hakukiona. Alipotimu umri wa miaka 17 alijiunga na jeshi, na huenda angedumu huko lau si ugonjwa wa macho uliomlazimisha kuondoka mwaka 1843. Hivyo ndivyo alivyoingia katika utumishi wa serikali, na mwaka 1845 akateuliwa meya wa Weyerbusch.

Ili tuelewe aliyoyakuta huko, yafaa tukumbuke hali ya mkulima wa Kijerumani wa enzi hizo. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakulima walikuwa wamefunguliwa minyororo ya mabwana wa ardhi, lakini wengi walitakiwa kulipa fidia kwa uhuru huo. Walikuwa na vishamba vidogo, ardhi isiyo na rutuba nyingi, na mifuko mitupu. Benki za mijini hazikumtambua mtu wa namna hiyo. Alipohitaji ng'ombe au mbegu, alimwendea mchuuzi wa mifugo au mla riba, akakopa kwa masharti asiyoyaelewa vyema, na mavuno yakiharibika alinyang'anywa ng'ombe, kisha shamba. Mswahili husema kukopa harusi kulipa matanga, lakini kwa mkulima wa Westerwald hata siku ya kukopa haikuwa na harusi.

Kisha ikaja njaa. Ugonjwa wa viazi na mavuno mabaya ya nafaka viliifanya kipupwe cha 1846 hadi 1847 kuwa kipindi cha mateso katika sehemu nyingi za Ulaya. Waandishi wa maisha ya Raiffeisen husimulia kwamba nafaka ya serikali ilipowasili ikiwa na sharti la kuuzwa kwa fedha taslimu, meya huyo kijana aliwapa hata wasiokuwa na fedha, kwa ahadi ya kulipa baadaye. Kadhalika aliwakusanya watu wenye uwezo katika eneo lake, wakatoa fedha zilizonunua nafaka na kujenga tanuri la mikate la jumuiya. Familia zenye njaa zilipewa mkate kwa bei nafuu, nyingine kwa mkopo, na deni likalipwa baada ya mavuno. Chama hicho cha mkate kiliokoa watu wengi. Vilevile kilimwonyesha mwanzilishi wake jambo ambalo wenye mabenki hawakuliamini, yaani kwamba maskini akiaminiwa hulipa.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, na mwaka uliofuata akaanzisha huko chama cha kuwasaidia wakulima wasiokuwa na mali. Watu wapatao 60 wenye nafasi walikubali kuwajibika kwa pamoja kwa deni la chama, na kwa dhamana hiyo wakapata fedha za kununua ng'ombe. Mkulima aliyepewa ng'ombe alilipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 5. Mla riba akapoteza wateja. Mwaka 1852 Raiffeisen alihamishwa tena, safari hii akawa meya wa Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied ulio kando ya mto Rhine. Mnamo 1854 akaunda chama cha hisani kilichokuwa na malengo mengi mno: kuwalea watoto waliotelekezwa, kuwatafutia kazi waliotoka gerezani, kuwapatia wakulima mifugo, na kutoa mikopo.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Vyama hivi vyote vilikuwa na kasoro moja. Wenye fedha walikuwa upande mmoja, wakitoa. Wenye shida walikuwa upande wa pili, wakipokea. Mtoaji huchoka. Kadiri miaka ilivyopita, matajiri wa Heddesdorf walipoteza hamu, mmoja baada ya mwingine, maana hawakuwa na haja yoyote na chama hicho ila radhi ya nafsi zao. Shughuli nyingine zikafifia, na iliyobaki na uhai ni ile ya mikopo. Raiffeisen, aliyekuwa Mkristo wa dhati na aliyeamini kwa muda mrefu kwamba upendo wa jirani ungetosha, alilazimika kukiri polepole kwamba hisani peke yake haijengi chama cha kudumu. Mwaka 1864 alikigeuza chama cha Heddesdorf kuwa chama cha mikopo, ambamo anayetaka kukopa hana budi kuwa mwanachama, na kila mwanachama huwadhamini wenziwe.

Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, majina ya vyama hivyo yanasimulia habari nzima. Jina la chama cha mwaka 1849 lilibeba neno la Kijerumani lenye maana ya msaada. La mwaka 1854 likabeba neno lenye maana ya hisani. La mwaka 1864 likawa na neno la mkopo. Msaada na hisani ni maneno yenye mtu wa juu na mtu wa chini. Mkopo, ukitolewa na wenzako kutoka katika akiba mliyoiweka pamoja, hauna juu wala chini. Una haki na wajibu. Ilimchukua Raiffeisen karibu miaka 15 kutoka neno la kwanza hadi la mwisho.

Kanuni alizoziweka zilikuwa kali. Chama kilitakiwa kisizidi eneo la kijiji au parokia moja, ili wanachama wajuane kwa sura, kwa tabia na kwa mashamba. Dhima haikuwa na mpaka: chama kikifilisika, kila mmoja aliwajibika kwa mali yake yote. Viongozi hawakulipwa mshahara, isipokuwa mhasibu aliyepewa ujira mdogo kwa kazi ya vitabu. Faida haikugawanywa, bali iliwekwa katika hazina ya chama isiyoweza kugawiwa mtu. Mkopo ulitolewa kwa shughuli ya kuzalisha mali, na muda wa kulipa uliweza kufika miaka kadhaa, kwa kuwa ng'ombe na shamba havizai kwa miezi mitatu. Mtu aliyejua kwamba jirani akishindwa kulipa yeye ndiye atakayeuza ng'ombe wake, hakutia sahihi kwa haya wala kwa urafiki. Alikwenda kwanza kulitazama shamba la mwenziwe.

Mambo hayo yote aliyatenda akiwa katika dhiki zake mwenyewe. Mkewe, Emilie, alifariki mwaka 1863. Homa ya kuambukiza iliidhoofisha afya yake, na macho yaliyomtoa jeshini yakazidi kufifia. Mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 47, alistaafishwa kwa pensheni ndogo isiyotosha kuikimu familia, akalazimika kufungua kiwanda kidogo cha sigara na baadaye biashara ya mvinyo. Hata hivyo, mwaka 1866 alitoa kitabu chake kuhusu vyama vya mikopo, kilichosambaza fikira zake kote Ujerumani. Kwa kuwa hakuweza tena kusoma wala kuandika vyema, binti yake mkubwa, Amalie, ndiye aliyekuwa macho yake na mkono wake. Huyu hakuolewa, na sehemu kubwa ya barua na kazi za babake zilipitia mikononi mwake. Historia humtaja kwa nadra, lakini bila yeye huenda tusingekuwa na mengi ya kusimulia.

Raiffeisen alitambua kwamba chama cha kijiji kimoja huweza kuwa na fedha za ziada ilhali cha kijiji jirani kina upungufu. Kwa hivyo mwaka 1872 alianzisha huko Neuwied benki kuu ya vyama hivyo. Mpango huu ulipingwa vikali na Hermann Schulze-Delitzsch, mwasisi mwenzake wa ushirika, aliyevishughulikia vyama vya mafundi na wafanyabiashara wa mijini, na aliyeamini katika hisa na mikopo ya muda mfupi. Mzozo huo ulifika hadi bungeni, na mwaka 1876 Raiffeisen akalazimika kukiunda upya chombo chake cha kati katika sura ya kampuni ya hisa. Wala hakuwa malaika. Watafiti wa siku hizi wameonyesha kwamba katika maandishi yake aliwatia Wayahudi wote katika kapu moja na wala riba, kwa chuki iliyokuwa imeenea Ujerumani wakati huo. Doa hilo halifai kufichwa na yeyote anayefundisha habari zake.

Alifariki tarehe 11 Machi 1888, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Vyama vya mfano wake vilikuwa tayari ni mamia, navyo vikaenea nje ya Ujerumani. Nchini Kanada, Alphonse Desjardins alifungua chama cha akiba na mikopo huko Lévis mwaka 1900 baada ya kuchunguza mifano ya Ulaya. Nchini India, serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya vyama vya mikopo mwaka 1904, ikiwa imeathiriwa sana na fikira za Raiffeisen, na sheria hiyo ikawa kielelezo kwa makoloni mengine ya Uingereza. Kwa njia hiyo ndefu, fikira za meya wa Westerwald zilifika hata kwetu, ambako sheria ya ushirika ya mwaka 1945 ndiyo iliyowafungulia Waafrika mlango wa kuunda vyama vyao.

Sisemi kwamba Mwafrika alifunzwa kusaidiana na Mjerumani. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, na Wakisii risaga, kabla hajasikika Raiffeisen. Yaliyoongezwa na mfumo wake ni vitabu vya hesabu, akiba inayokaa na kukua, na dhamana inayotambuliwa na sheria. Mambo hayo mawili, desturi yetu na vitabu vyake, yalipokutana, yalizaa vyama vya akiba na mikopo tunavyoviita Sacco. Walimu waliunda chao mwaka 1974, na hesabu ya nyumba zilizojengwa na watoto waliosomeshwa kwa mikopo ya namna hiyo haina mwisho.

Lakini tumechukua umbo na kuiacha roho. Sacco zetu kubwa zina wanachama maelfu kwa maelfu, waliotawanyika kutoka Mandera hadi Vanga, wasiojuana hata kwa majina. Sina nia ya kulalamikia ukubwa huo, kwa kuwa ndio ulioleta mitaji mikubwa, na ndiyo sababu bunge lilipitisha sheria ya kuvisimamia vyama hivi mwaka 2008. Msimamizi wa serikali, hata hivyo, hawezi kushika nafasi ya mwanachama anayeuliza. Taifa lilipoelezwa kwamba ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa Sacco nchini, umegundua hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 13, wengi walishangaa fedha hizo zilivyoweza kutoweka kwa miaka mingi bila ya kelele. Raiffeisen asingeshangaa. Alijua kwamba mahali ambapo mwenye mali hatazami, mtunzaji hujisahau, na kwa sababu hiyo akataka chama kiwe kidogo kiasi cha kutazamika.

Hatuwezi kuzirudisha Sacco zetu ziwe na ukubwa wa parokia, wala hakuna anayetaka dhima isiyo na mpaka. Kuna mawili tuwezayo kuyafanya. La kwanza ni kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka tukiwa tumezisoma hesabu, na kuuliza kuhusu madeni yasiyolipwa kabla ya kuuliza kuhusu gawio. La pili ni kuirudishia sahihi ya mdhamini uzito wake. Mwalimu anayemdhamini mwenziwe bila ya kujua anakopa nini, kwa kazi gani, na ana madeni gani mengine, amempa hisani tu, ile ile iliyomchosha Raiffeisen kule Heddesdorf. Siku makato yatakapotokea katika hati yake ya mshahara kwa deni asilolila, atalaumu chama, atamlaumu rafiki, na pengine uhusiano wa miaka mingi utavunjika kwa kukosa maswali matatu yaliyopaswa kuulizwa mapema.

Nanyi wanafunzi, ambao karibuni mtapokea mshahara wa kwanza na kuletewa fomu ya kwanza, ulizeni maswali hayo bila ya kuona haya. Anayekusudia kulipa hatachukizwa nayo.