Ambroise Paré na mugongo wa mutoto anayekomea

Haya ni maisha ya mutu ambaye jina lake limeandikwa ku milango ya opitali kadhaa za Ufaransa: Ambroise Paré. Wengi wanamujua kama fundi wa vidonda vya vita. Siye tunataka kueleza pia kazi yake ingine, isiyotajwa sana: alihangaikia watoto wenye mugongo wa kupinda.

Alizaliwa karibu mwaka 1510, kando ya muji wa Laval. Jamaa yake haikuwa ya wakubwa. Hakusoma Kilatini, luga ya wanganga wa universite. Alianza kama kinyozi, maana wakati ule vinyozi njo walikuwa wanapasua majipu, kutoa damu na kufunga vidonda. Wanganga wenye diplome hawakutaka kuchafua mikono. Kisha akaingia Hôtel-Dieu, opitali kubwa ya Paris, na mule akaona magonjwa ya kila namna.

Mu 1537 alikuwa na jeshi kule Italia. Desturi ilikuwa kumwanga mafuta ya moto mu kidonda cha risasi, eti baruti ni sumu. Siku moja mafuta yakamwishia. Akapakaa dawa ya kiini cha yai, mafuta ya waridi na terebentini. Usiku usingizi ulikataa kwa woga. Kumbe asubui wale wa dawa yake walikuwa wametulia, na wale wa mafuta ya moto walikuwa na homa, maumivu na uvimbe. Toka pale akaacha kuchoma watu. Mu 1545 akatoa kitabu juu ya ile mambo, na akakiandika mu Kifaransa, luga ya watu wa kazi.

Alitumikia wafalme 4, toka Henri II mpaka Henri III. Mu 1561 farasi alimupiga teke, mufupa wa muguu ukavunjika na kutokea inje ya ngozi. Muguu wa namna ile ulikuwa unakatwa mara mingi. Wa kwake ulinyooshwa, ukafungwa, ukapona. Alijua basi, mu mwili wake mwenyewe, kazi ya kurudisha mufupa mu njia yake.

Mu 1575 alikusanya maandiko yake mu kitabu kimoja kikubwa. Faculté ya Paris ilijaribu kukizuia, lakini kilitoka. Mule njo tunakuta korse yake. Ilikuwa ya bati nyembamba za chuma, kazi ya mafundi waliotengeneza nguo za chuma za maaskari. Alitaka itobolewe matundu mingi ili isiwe nzito, na ndani iwekwe kitu laini ili isichubue ngozi. Tena alitaka ibadilishwe karibu kila miezi 3 kwa mutoto anayekomea.

Hapo njo akili yake inaonekana. Aliona kama mutoto anakua, na msaada unapaswa kufuata ule mwendo. Mwenye kufanya mu mugodi anajua: nguzo inawekwa wakati paa iko bado imesimama, si kisha kuanguka.

Lakini kuna mahali alipotea. Alilaumu nguo za kubana wasichana na ukaaji mubaya. Leo wanganga wanajua kama kwa watoto wengi wa kati ya miaka 10 na 18 sababu haijulikani wazi, ingawa mara ingine inafuata jamaa. Si mufuko wa masomo, si bidoni ya maji, si ulozi wa jirani. Basi mama asilaumiwe, na mutoto asifichwe.

Kupima kunaanza nyumbani, bila franka. Mutoto avue viatu, aunganishe miguu, ainame mbele mikono ikining'inia. Simama nyuma yake. Kama upande moja wa mbavu uko juu kuliko ingine, ao bega moja liko juu, ao kiuno hakilingane, mupeleke ku opitali. Kule watapiga radio na kupima pembe ya mupindo. Toka digri 10 njo ugonjwa unahesabiwa. Mupindo mudogo unachungwa tu, kwa kupima tena kila miezi michache. Kati ya 25 na 40, kama mutoto anakua bado, korse inatakiwa. Ikipita 45 ao 50, wanganga wanafikiri kupasua. Mipindo mikubwa inapata wasichana zaidi sana kuliko wavulana.

Korse ya leo ni ya plastiki, lakini wazo ni lile la Paré. Uchunguzi uliotoka mu 2013 kule Marekani na Canada ulionyesha hivi: kwa watoto 100 waliovaa korse, 72 walimaliza kukua bila kufika digri 50. Kwa wasiovaa, ni 48 tu. Waliovaa karibu saa 13 na zaidi kwa siku walifaulu kupita 90 kwa 100. Korse iliyotundikwa ku ukuta haisaidie kitu. Na kukanda ao kuvuta mugongo hakuunyooshi.

Jambo moja tusisahau, siye watu wa migodi: kama mugongo unauma usiku, mutoto ana homa, anakonda, ao miguu inalegea, inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Ile haingoje miezi. Ina dawa zake, na inataka opitali upesi.

Ambroise Paré alikufa Paris tarehe 20 Desemba 1590, akiwa na miaka karibu 80. Hakuwa na radio wala plastiki. Alikuwa na macho ya kuangalia na mikono ya fundi. Macho siye wote tuko nayo. Msichana wa miaka 11 mwenye mupindo wa digri 25 anaweza kusaidiwa bila kisu. Akifichwa mpaka miaka 17, mufupa umekwisha kukaza, na saa ya korse imepita.