Mtawa aliyelisha wenzake kwa sanamu zilizopigwa marufuku nyumbani

Berta Hummel alizaliwa Mei 21, 1909 katika mji mdogo wa Massing, Ujerumani ya kusini. Mwaka 1927 alikwenda Munich kusomea sanaa, na mwaka 1931, badala ya kutafuta jina mjini, akaingia katika nyumba ya watawa ya Siessen. Huko akapewa jina la Maria Innocentia.

Alichora watoto wenye mashavu ya duara, malaika na Bikira Maria. Picha hizo zilitolewa kama postikadi, na Franz Goebel, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo, akaziona. Mwaka 1935 sanamu za kwanza zilifikishwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig. Mafundi wa kiwanda ndio waliofinyanga, lakini hakuna sanamu iliyoingia sokoni kabla mtawa mwenyewe hajaikubali.

Serikali ya Hitler haikuzipenda. Mwaka 1937 gazeti la chama liliwashambulia watoto wake, na kazi zake zikapigwa marufuku kuuzwa ndani ya Ujerumani. Nje ya nchi, ruksa, maana fedha za kigeni zilihitajika. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anaifahamu hesabu ya namna hiyo.

Mwaka 1940 serikali iliitwaa nyumba ya Siessen na watawa wengi wakafukuzwa. Hummel alirudi kwao, lakini baada ya miezi mitatu aliomba arejee. Akapewa chumba kidogo chini ya jengo, akalala humo na kuchora humo humo. Hapakuwa na moto wa kupasha nyumba, na chakula kilikuwa haba. Nusu ya mapato ya kazi zake ilichukuliwa na serikali. Nusu iliyobaki ndiyo hasa iliyowalisha watawa waliosalia.

Mwaka 1944 aligundulika kuwa na kifua kikuu. Alifariki Novemba 6, 1946, akiwa na miaka 37, wakati askari wa Marekani waliokuwa Ujerumani wakianza kuzibeba sanamu zake kwenda nazo makwao. Umaarufu mkubwa ulikuja baada ya kaburi.

Anayeokota moja leo kwenye mtumba wa vyombo aigeuze kwanza. Wengi huziita kauri, ingawa ni udongo laini uliochomwa tanurini. Chini hutafutwa saini ya M. I. Hummel iliyochorwa kabla ya kuchomwa, namba ya umbo na nembo ya kiwanda. Taji ni la kati ya 1935 na 1949. Kuanzia 1950 ilifuata nembo ya nyuki ndani ya herufi V, kwani Hummel kwa Kijerumani ni jina la nyuki mkubwa mwenye manyoya. Zenye maneno ya eneo la Marekani zilitoka mara tu baada ya vita. Bei zimeshuka sana, kwa sababu warithi wa wakusanyaji wa zamani wanauza kwa wingi. Za taji ndizo bado zinazogombewa.