Maisha ya Daktari Zamenhof

Katika nchi ya Polandi, upande wa kaskazini-mashariki, uko mji uitwao Białystok. Mwaka 1859 mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na wenyeji wake walikuwa watu wa mataifa mbalimbali. Wayahudi ndio waliokuwa wengi, nao walisema Kiyidi. Wapolandi walisema Kipolandi, na Wajerumani walisema Kijerumani. Warusi walisema Kirusi, nacho ndicho kilichokuwa lugha ya serikali.

Watu hawa walikutana sokoni kila siku, wakauziana nguo na vyakula. Lakini biashara ilipokwisha, kila mmoja alirejea kwa watu wake. Mtu wa taifa jingine aliposema jambo lisilofahamika, alidhaniwa kuwa anatukana, na mara nyingi ugomvi ukazuka.

Katika mji huo, tarehe 15 Desemba 1859, alizaliwa mtoto wa Kiyahudi, Ludwik Zamenhof. Baba yake alikuwa mwalimu wa lugha. Nyumbani mtoto alisikia Kirusi na Kiyidi, na njiani alisikia Kipolandi. Aliambiwa kwamba watu wote ni ndugu; lakini alipotoka nje hakuona ndugu, aliona Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi tu. Jambo hilo likamhuzunisha sana, akaazimia kwamba akiwa mtu mzima atalitafutia dawa.

Mwaka 1873 jamaa yake walihamia Warsaw, na huko akaingia shule kubwa, akajifunza Kilatini na Kiyunani. Kwanza aliwaza kwamba labda lugha hizo za kale zingeweza kufufuliwa ziwe za watu wote. Kisha akaona kwamba ni ngumu mno kwa mtu asiye na nafasi ya kusoma. Basi akaanza kutunga lugha mpya, lakini wingi wa maneno ukamtia hofu. Hata siku moja akitembea njiani aliona kibao cha Kirusi chenye maana ya chumba cha bawabu. Mbele yake akaona kingine, cha duka la vitamu. Maneno yale mawili yalikuwa na mwisho mmoja. Papo hapo akatambua kwamba mzizi mmoja waweza kuzaa maneno mengi, kama vile Kiswahili kinavyotoa mpishi na mapishi katika pika. Katika lugha yake, kuiri ni kupika, na kuirejo ni jikoni. Lerni ni kujifunza, na lernejo ni shule.

Mwezi Desemba 1878 yeye na wenzake wa shule walifanya karamu ndogo kwa kuzaliwa kwa lugha hiyo. Lakini baba yake aliogopa kwamba watu watamwona mwanawe kuwa ana wazimu, naye akamtaka aweke kazi hiyo kando mpaka amalize masomo ya udaktari. Kijana akatii, akaenda Moscow. Husimuliwa kwamba aliporudi alikuta karatasi zake zote zimekwisha kuchomwa moto. Hakukata tamaa, akaanza upya, maana mengi alikuwa ameyahifadhi moyoni.

Alipokwisha kuwa daktari wa macho, alimposa binti mmoja jina lake Klara. Baba yake Klara, mtengeneza sabuni, alitoa fedha, na mwezi Julai 1887 kitabu cha lugha kikapigwa chapa. Kilikuwa kidogo, chenye kanuni 16 tu. Mtungaji hakuandika jina lake. Alijiita Daktari Esperanto, maana yake mwenye kutumaini. Watu wakaiita lugha yenyewe Esperanto. Naye akatangaza kwamba lugha hiyo si mali yake bali ni ya watu wote. Wala hakutaka mtu aache lugha ya mama yake. Alitaka kila mtu awe na ya pili, ya kukutana na wengine.

Fedha zikaisha, na kwa miaka mingi Zamenhof alihama mji hata mji akitafuta riziki. Baadaye alirudi Warsaw, akakaa katika mtaa wa Wayahudi maskini. Mchana aliwatibu watu kwa malipo madogo, na usiku alijibu barua zilizotoka nchi nyingi.

Mwaka 1905 watu 688 wa nchi 20 walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, wakasemezana pasipo mkalimani. Zamenhof alifurahi kupita kiasi. Lakini mwezi Juni 1906 habari mbaya zilitoka Białystok: Wayahudi zaidi ya 70 wameuawa katika mji ule ule aliozaliwa. Mwezi Agosti, katika mkutano wa Geneva, aliwaeleza wenzake msiba huo. Alikiri kwamba lugha peke yake haiwezi kuwageuza waovu kuwa wema. Hata hivyo, alishikilia kwamba watu wasiojuana hudanganywa upesi wao kwa wao, na ya kuwa wakisemezana huonekana kuwa ni wanadamu sawasawa.

Alikufa Warsaw tarehe 14 Aprili 1917, wakati wa vita kuu, naye alikuwa na umri wa miaka 57. Katika vita vya pili watoto wake wote watatu waliuawa na utawala wa Hitler. Lugha yake haikupata kuwa ya mataifa yote kama alivyotumaini. Lakini haikufa; mpaka leo wako watu katika nchi nyingi wanaoisema, na wageni wawili wakikutana huweza kusalimiana kwayo, wala hakuna mmoja wao aliye bwana wa lugha ile.