Titus Salt na Mji Wake

Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1803 huko Morley, Yorkshire, akafanya biashara ya sufu pamoja na baba yake mjini Bradford. Mwaka 1836 aliona bandarini Liverpool marobota ya manyoya ya alpaka, mnyama wa Peru mwenye shingo ndefu. Wenzake waliyadharau. Yeye aliyanunua, akatafuta njia ya kuyasokota, na utajiri wake ukazidi sana.

Mwaka 1848 akawa Meya wa Bradford. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliua watu wengi katika mji ule wa moshi na maji machafu. Basi akahamishia kazi yake kando ya mto Aire, akafungua kiwanda kikubwa mwaka 1853. Akawajengea wafanyakazi nyumba za mawe zaidi ya 800, na kanisa linalotazamana na kiwanda, lililokwisha mwaka 1859. Baadaye shule na hospitali. Mji ukaitwa Saltaire, jina lake likiungana na la mto.

Bungeni aliingia 1859, akatoka 1861 kwa ugonjwa. Hakuwa msemaji, na hapo sina la kumsifia.

Lakini nina neno, ndugu zangu. Nyumba za pombe alizikataza, na mwenye kazi ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mtu akifukuzwa kazi, alale wapi? Wenzangu darasani waniambia sina shukrani. Mimi nakubali kuwa kipindupindu kilikuwa kibaya zaidi, ila jibu hawajanipa.

Alikufa Desemba 1876. Watu waliokadiriwa kuwa 100,000 walisimama njiani siku ya mazishi, naye akazikwa katika kanisa lile lile.