Irna Phillips, mama wa michezo ya mfululizo ya mchana

Irna Phillips alizaliwa mwaka wa 1901 mjini Chicago, Marekani. Alikuwa mwalimu kabla ya kuingia redioni. Mwaka wa 1930 aliandikia redio WGN mchezo Painted Dreams, uliosimulia maisha ya familia moja siku kwa siku.

Alipotaka kuupeleka mchezo huo kwenye redio nyingine, WGN ilikataa, ikisema ni mali yake. Irna alikwenda mahakamani, akashindwa.

Mwaka wa 1937 alianzisha Guiding Light, kisha 1956 akaleta As the World Turns kwenye televisheni. Wenye viwanda vya sabuni ndio waliolipia michezo hiyo, maana ilifuatwa sana na akina mama waliobaki nyumbani mchana.

Irna hakuolewa, lakini alilea watoto wawili aliowachukua kuwa wake. Alifundisha pia waandishi vijana. Mmoja wao, William Bell, pamoja na mke wake, walianzisha mwaka wa 1973 mchezo ambao wengi wanaujua kwa Kifaransa kama Les Feux de l'amour.

Mwaka huohuo Irna aliachishwa kazi kwenye As the World Turns. Alifariki mwezi wa Desemba, akiwa na miaka 72.

Guiding Light uliendelea hadi 2009. Nao ulidumu miaka 72, bibi, mama na mjukuu wakiufuata.