*TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: Said bin Zayd (r.a.) na shibri moja ya ardhi*

Alhamdulillah, Allah ametufikisha siku nyingine ya funga.

Leo tumwangalie swahaba ambaye jina lake tunalisikia kila khatibu anapowataja wale kumi waliobashiriwa Pepo, ila maisha yake wengi wetu hatuyajui vizuri. Ni Said bin Zayd (r.a.). Huyu mzee alipata mtihani ambao kwetu hakuna kijiji kisichoujua, kuanzia Ruponda na Naipanga mpaka Mnacho na Mbekenyera: jirani anasimama mbele ya watu na kusema umemmegea shamba lake.

*Alitoka nyumba gani?*

Said alikuwa Mquraysh wa ukoo wa Banu Adiy, ukoo mmoja na Umar bin Khattab (r.a.). Baba yake, Zayd bin Amr, aliyakataa masanamu hata kabla Mtume wetu (s.a.w.) hajapewa utume. Nyama iliyochinjiwa masanamu hakuila. Akisikia mtu anataka kumzika binti yake mchanga akiwa hai, alikwenda kumwomba ampe yeye amlee. Alisafiri mpaka Sham kuitafuta dini ya Nabii Ibrahim (a.s.).

Kwa hayo ndugu zake walimchukia. Aliyemsumbua zaidi alikuwa mtu wa damu yake, Al-Khattab, baba yake Umar. Alimfukuza mpaka akawa anakaa nje ya Makka, huko milimani, na mjini anaingia kwa kujificha. Zayd alifariki kabla ya utume. Kwa hiyo Said alikua akijua vizuri kuonewa na mtu wa karibu kunaumaje.

Mwenyewe alisilimu mapema sana, pamoja na mkewe Fatma bint Khattab, dada yake Umar. Umar alikuwa bado hajasilimu, na Said alikuja kusimulia uzeeni kwamba shemeji yake huyo alimfunga kamba kwa sababu ya Uislamu wake. Katika sira inayojulikana, ni nyumbani kwa hawa wawili ambapo Umar aliingia kwa hasira, akampiga dada yake mpaka damu ikatoka, kisha akasoma Surat Twaha na moyo wake ukalainika.

Said alihamia Madina. Vita vya Badr havikumkuta uwanjani kwa sababu Mtume (s.a.w.) alikuwa amemtuma yeye na Talha bin Ubaydillah (r.a.) kupeleleza habari za msafara wa Maquraysh, lakini alipewa fungu lake kama waliopigana. Uhud alikuwepo, Khandaq alikuwepo. Baadaye alipigana Yarmuk kule Sham, na Damascus ilipofunguliwa, Abu Ubayda (r.a.) alimwachia aisimamie. Wasimulizi wanasema hakukaa sana kwenye cheo hicho, akaomba atafutwe mwingine yeye arudi kwa wenzake vitani.

Umar alipochomwa kisu na kuteua watu 6 wa kumchagua khalifa, hakumtia Said, japo alikuwa hai na ni mmoja wa wale kumi. Maulamaa wanaeleza kwamba Umar aliogopa uongozi usije ukaonekana mali ya ukoo wake.

Basi huyo ndiye mtu tunayemzungumza. Hakuwa mtu wa kukimbilia vyeo wala mali.

*Kesi ya shamba*

Miaka ikapita. Muawiya bin Abi Sufyan (r.a.) akawa khalifa, na gavana wa Madina akawa Marwan bin Hakam. Said sasa ni mzee. Ana ardhi yake Aqiq, bonde lililo nje kidogo ya mji wa Madina.

Akatokea mwanamke mmoja, Arwa bint Uways, akaenda kwa Marwan kushitaki. Madai yake: Said amechukua sehemu ya ardhi yangu.

Hebu fikiria mwenyewe. Mtu umepigana Uhud, umebashiriwa Pepo, mji mzima unakuheshimu, halafu uzeeni unaitwa mwizi wa ardhi mbele ya serikali. Wangapi kati yetu tungevumilia? Wengine tungekusanya vijana wa ukoo. Wengine panga lingeshatoka.

Said alipoulizwa hakumtukana Arwa wala hakutaja vita alivyopigana. Alishangaa tu: vipi yeye achukue kitu katika ardhi ya huyu mama, wakati kwa masikio yake alimsikia Mtume (s.a.w.) akionya kwamba mwenye kuchukua ardhi ya mtu kwa dhuluma, hata kiasi cha shibri moja, atavishwa shingoni siku ya Kiyama kutoka ardhi saba? Marwan aliposikia hivyo akasema hatamdai ushahidi tena.

Kesi ingeishia hapo na Said angekuwa ameshinda. Lakini akaamua jambo lingine: akaiachia. Akataka Arwa aachiwe hicho anachokidai. Kisha akamwomba Allah kwamba, ikiwa mama huyu ni mwongo, ampofushe macho na amuulie katika ardhi yake.

Yaliyofuata yamepokewa katika Sahih Muslim. Arwa hakufa mpaka macho yakapofuka. Akawa anatembea akipapasa kuta, na yeye mwenyewe akikiri kwamba dua ya Said imempata. Siku moja alikuwa akitembea katika ardhi ileile, akatumbukia kisimani, na kisima kikawa kaburi lake. Katika vitabu vya wasifu wa masahaba imesimuliwa pia kwamba mafuriko yalishuka bonde la Aqiq, maji yakafukua alama ya zamani ya mpaka, na watu wakaona kuwa Said alikuwa mkweli.

Said alifariki hukohuko Aqiq, mwaka wa 50 au 51 Hijria, karibu na mwaka 671, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Ilikuwa Ijumaa. Abdullahi bin Umar (r.a.) aliposikia hali ya mzee ni mbaya, alikwenda kwake hata Swala ya Ijumaa ikampita. Watu wakambeba mpaka Madina, na waliomshusha kaburini ni Ibn Umar na Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Shibri ya ardhi ya dhuluma haikushuka naye.

*Tusikisome kisa hiki vibaya*

Kuna makosa matatu watu huyafanya wakisikia habari hii.

La kwanza, kudhani kila mwanamke anayedai ardhi ni Arwa. Hapana! Kwetu mara nyingi mambo ni kinyume. Mume anakufa, arobaini haijaisha, mashemeji wameshaingia kwenye mikorosho wanahesabu miti. Mjane akilalamika anaambiwa ana tamaa. Sasa angalia kule Madina: mwanamke alimshitaki swahaba mkubwa, na malalamiko yake yakafika kwa gavana yakasikilizwa. Hakuna aliyemfukuza mlangoni. Kosa lake lilikuwa uongo. Kudai hakukuwa kosa.

La pili, kugeuza dua kuwa silaha ya kumtishia jirani. Said alimkabidhi Allah kesi yake kwa sharti: *ikiwa* ni mwongo. Na yeye aliujua ukweli wa shamba lake mwenyewe. Wewe unayetaka kumwapiza jirani, una hakika mpaka uko pale unaposema? Au uliambiwa na babu, naye akaambiwa na mwingine? Na jirani akiugua macho au akifiwa na mtoto, usitangaze kijijini kwamba ni dua yako imempata, wala yeye asiseme umemroga. Kwa maneno hayo watu wameuana katika nchi hii. Maradhi yana sababu nyingi, na ya ghaibu tumwachie Allah.

La tatu, kudhani dini inatutaka tumwachie kila anayedai. Said aliachia kilicho *chake*. Kama shamba ni la yatima unaowalea, au ni la urithi ambalo dada zako wana fungu ndani yake, huna ruhusa ya kuwa mkarimu kwa mali isiyo yako. Hapo kusimama kudai haki ni amana. Ila simama kwa njia ya haki.

*Kwetu ugomvi unatoka wapi?*

Zamani ardhi huku ilikuwa pori. Mtu alifyeka, akapanda, na mpaka ukawa mti mkubwa, kichuguu au kijito. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa wakakae pamoja, wengi wakaacha mikorosho yao mbali. Waliporudi, wengine walikuta mashamba yana watu. Mti wa mpaka umeungua, kichuguu kimelimwa, kijito kimehama njia. Wazee waliokuwa mashahidi wanazikwa mmoja mmoja.

Halafu korosho ikapanda thamani, ufuta nao ukapata soko, na minada ya RUNALI tunaifuatilia wote. Mstari mmoja wa mikorosho sasa ni ada ya mtoto shuleni. Ndiyo maana mtu anasogeza mpaka hatua mbili msimu huu, hatua mbili msimu ujao. Anang'oa mkonge usiku anaupanda mbele. Anaokota korosho zilizodondoka upande wa mwenzake kabla hakujapambazuka, kisha anakwenda msikitini kuswali Alfajiri.

Mtu wa namna hiyo akumbuke hadithi iliyopokewa na Ali bin Abi Talib (r.a.), kwamba laana ya Allah iko juu ya mwenye kubadilisha alama za mipaka ya ardhi. Ndugu yangu, laana! Kwa mkonge mmoja.

Na tunaposoma Surat al-Baqara mwezi huu, tuangalie mpangilio wake. Aya za funga zinaanzia ya 183 mpaka ya 187. Inayofuata palepale, ya 188, inakataza watu kula mali zao baina yao kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili wale sehemu ya mali za watu kwa dhambi hali wanajua. Mchana Allah amekukataza chakula chako cha halali, ugali uliolima mwenyewe. Utawezaje kujizuia na cha halali mpaka Magharibi, halafu ukafuturu kwa cha jirani?

*Tufanye nini?*

1. Mwenye shaka na mpaka wake aanze yeye. Mwite jirani na wazee wawili watatu wanaokumbuka, mtembee mpaka mzima kwa miguu, mchana kweupe. Mkikubaliana, pandeni alama *pamoja*, na muandike mbele ya mashahidi. Qur'ani imetufundisha kuandika madeni, sembuse ardhi.

2. Jirani akiwa mkali, usiende na kundi wala usibebe panga eti unapitia shambani. Tuma mtu anayemheshimu. Ukali mwingine unatokana na hofu tu: anaogopa wanawe watakosa pa kulima.

3. Ikishindikana, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa kuna Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 nalo linasuluhisha tu, halihukumu. Hukumu iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko sema kweli. Usimpe mjumbe bahasha wala usimfundishe shahidi maneno.

4. Kijiji kikipimwa, fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Ukiandikisha, watie mke na wanaohusika. Usiwaachie wanao kesi ukadhani umewaachia shamba.

5. Uliyekwishasogeza mpaka na moyo wako unajua, toba yako haikamiliki kwa istighfari peke yake. Rudisha hatua zile. Ukiona haya kusema, anza kwa kupeleka futari, kibakuli cha uji au mihogo ya nazi, kisha mwambie mnamo kesho mkatazame mpaka. Aibu ya duniani ni ya siku moja.

Shibri ni nafasi kati ya kidole gumba na kidole kidogo mkono ukikunjuliwa. Leo jioni, ukinyoosha mkono kuchukua tende ya kufuturia, uangalie mkono huo. Kipimo kidogo namna hiyo ndicho kilichomtisha mtu aliyebashiriwa Pepo.

Ewe Mola wetu, tutakasie riziki zetu. Turudishie upendo kati yetu na majirani zetu. Aliyedhulumiwa mrejeshee haki yake, na aliyedhulumu mpe ujasiri wa kurudisha kabla hajaingia kaburini. Wajane na mayatima wa Nachingwea na Ruangwa wawe katika hifadhi yako. Tupokelee funga zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na jirani yako ujumbe huu, hasa yule msiyesalimiana.

🌙 *Kesho in shaa Allah tukutane siku ya 14.*