Koti la Nelson Lenye Mwezi na Nyota

Akiba haiozi, walinena wahenga. Leo, msomaji mpenzi, tumtazame bwana mmoja wa bahari aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita, pamoja na koti lake la vita ambalo nusura lipotelee katika madeni. Jina lake ni Horatio Nelson, amiri wa merikebu za vita za Uingereza.

Nelson alizaliwa tarehe 29 Septemba, 1758, katika kijiji cha Burnham Thorpe, mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, na alipotimia miaka 12 akaingia katika merikebu ya mjomba wake. Bahari yetu ya Hindi aliijua angali kijana. Alifika Bombay na Basra, bandari walizozijua pia manahodha wa pwani hii, mpaka malaria ikamlaza na akarudishwa kwao taabani.

Vita vilimla mwili kipande kwa kipande. Mwaka 1794, kisiwani Corsica, kombora lilirusha mchanga na mawe usoni mwake, na jicho la kulia likapoteza nuru. Mwaka 1797, huko Tenerife, alipigwa risasi na mkono wa kulia ukakatwa. Hata hivyo, jioni ya tarehe 1 Agosti, 1798, alizivamia merikebu za Kifaransa zilizotia nanga Abukir, karibu na Iskandaria. Ndizo zilizousindikiza msafara wa Napoleon kwenda kuiteka Misri. Kati ya merikebu kubwa 13, ziliokoka mbili tu.

Misri wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Uturuki. Sultani Selim wa Tatu akafurahi mno, akampelekea Nelson pambo la almasi la kilemba. Mwaka 1799 Sultani akaanzisha nishani ya Mwezi, na Nelson akawa wa kwanza kutunukiwa. Ndivyo mwezi na nyota vilivyokuja kutariziwa kifuani mwa koti la Mwingereza, pamoja na nishani nyingine tatu.

Hakuwa malaika. Mwaka huo huo wa 1799, mjini Naples, waasi waliojisalimisha kwa ahadi ya usalama walitiwa mikononi mwa mfalme wao, naye Nelson hakuiheshimu ahadi ile, wengi wakanyongwa. Na mwaka wake wa mwisho aliandika barua ya kuutetea utumwa wa visiwa vya Karibi.

Tarehe 21 Oktoba, 1805, karibu na rasi ya Trafalgar, merikebu zake 27 zilikabiliana na 33 za Wafaransa na Wahispania. Nelson alitembea juu ya sitaha ya Victory amevaa koti lake lenye nishani. Mpiga bunduki wa Kifaransa akamlenga kutoka juu ya mlingoti. Risasi ilipenya bega la kushoto ikakwama katika uti wa mgongo. Alikata roho baada ya saa tatu hivi, akiwa amekwisha kupata habari za ushindi.

Koti lilipelekwa kwa Emma Hamilton, mwanamke aliyempenda nje ya ndoa na kuzaa naye binti. Nelson alikuwa ameiomba serikali imtunze bibi huyo, lakini serikali haikumtunza. Madeni yakamsonga Emma hata akafungwa, na koti likaenda kwa Joshua Jonathan Smith, mzee wa baraza la London aliyekuwa amemsaidia. Emma alifia Calais mwaka 1815 katika ufukara. Smith naye akafa, na koti likabaki kwa mjane wake, watu wengi wasijue liko wapi.

Mwaka 1845 Nicholas Harris Nicolas, aliyekuwa akizichapisha barua za Nelson, aligundua lilipo. Akaanza kutafuta michango ili linunuliwe kwa ajili ya umma. Albert, mume wa Malkia Victoria, aliposikia, akatoa pauni 150 kutoka mfukoni mwake, akalitoa zawadi Greenwich.

Liko huko hadi leo, katika jumba la makumbusho ya bahari. Tundu la risasi begani halikutiwa kiraka, wala madoa ya damu hayakufuliwa. Wataalamu wanaona kuwa baadhi ya damu hiyo huenda ni ya karani wake, aliyeuawa mapema siku hiyo. Lau fundi angelisafisha na kulishona, tungebaki na koti zuri lisilosema lolote.

Na lile pambo la almasi? Mwaka 1951 mwizi aliliiba katika jumba hilo hilo, wala halikuonekana tena. Almasi imepotea, sufi imebaki.

Huenda nasi majumbani tuna joho la babu, au sare ya askari wa zamani, lililokunjwa chini ya kasha. Siku likitolewa, tusikimbilie sabuni na sindano. Kwanza tuwaulize wazee lilikuwa la nani na lilivaliwa wapi, tuandike jina lake, kisha tulikinge na nondo na jua.